Maji ya Saa Kumi

Barua za mwezi huu zimenichekesha kidogo. Karibu zote zinagombea kitu kimoja, na waandishi wake hawajuani. Mmoja anautaka ufuo wa ghuba ya Tanga aogelee, mwingine aanike dagaa, wa tatu ajenge, wa nne akate fito. Wanaonifahamu huniita Karani, kwa kuwa nilihesabu shehena bandarini miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii. Basi leo nahesabu madai.

Shikamoo mzee Karani. Mwaka jana nilileta familia kuogelea Raskazone. Tulifika saa nne asubuhi tukakuta matope na mawe, bahari yenyewe iko kule mbali. Watoto walilia, tukarudi gesti. Desemba tunakuja tena. Maji yanakuwepo saa ngapi? — Baba wa watatu, Dodoma

Marahaba, na poleni. Hamkukosea njia. Mlifika siku ya bamvua, tena saa ambayo maji yamekupwa hadi mwisho wake. Mwenyeji yeyote angewaambia mnywe chai kwanza.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Huchelewa kwa sababu inaufuata mwezi, na mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kiasi hichohicho. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Hapo ndipo panapokuwa na bamvua, maji makuu: huja juu sana na hutoka mbali sana, tofauti ya kujaa na kukupwa ikipita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwake, na tunapata maji mafu, ambayo hayaji juu wala hayaendi mbali.

Kanuni ninayoitumia haihitaji simu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kwenye saa nne. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita. Tuseme mwezi umekuwa mpevu Ijumaa: Jumapili maji yatajaa karibu saa kumi na mbili kasorobo jioni. Baada ya juma moja mambo yamegeuka, kujaa kumehamia saa nne na kukupwa saa kumi, lakini hapo ni maji mafu na tofauti yake si ya kuliza watoto. Kama mawingu yameuficha mwezi, tafuta kalenda ya Kiislamu kwenye ukuta wa duka lolote la Ngamiani: tarehe mosi na kumi na tano ndizo zako. Bamvua lenyewe hukolea siku moja au mbili baadaye.

Desemba kaskazi huwa imeshaanza, maji ni ya vuguvugu na safi kuliko wakati wa kusi, ambapo bahari huchafuka na mwani hujaa ufuoni. Ila nikuombe kitu. Bamvua likikupwa, fungu la mchanga hujitokeza mbele na watoto hulikimbilia. Maji yakirudi hayaanzii mbele kwao. Hupitia mikondo iliyo nyuma yao kwanza, na fungu likageuka kisiwa wakati wao bado wanaokota makombe. Asiyejua kuogelea asivuke mkondo hata kama sasa hivi unamfika vifundoni.

Nina viti na miavuli kwenye ufuo kaskazini mwa mji. Kina mama wanaanika dagaa mbele yangu, harufu na nzi vinafukuza wateja. Nikashtaki wapi? — Mjasiriamali, Tanga

Babu, kuna kijana ameweka viti kwenye diko letu, hapa tunaposhushia samaki, anasema tunanuka. Diko hili tulilikuta kwa mama zetu. Tufanyeje? — Wachuuzi wa dagaa, Sahare

Sina hakika kama mnazungumzia ufuo uleule, lakini nawajibu pamoja kwa kuwa nashuku hivyo.

Kijana, dagaa hawanuki kwa bahati mbaya. Huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani siku ileile, la sivyo huoza, na mtaji wa mama wa watu unakwenda na maji. Hawezi kuahirisha kwa ajili ya soda zako. Wala usitegemee kwamba ofisi yoyote itamhamisha mchuuzi kwenye diko ili wewe upange viti. Kwanza wewe una kibali? Ukienda kushtaki, hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Kina mama, na nyinyi maji ya kuchemshia dagaa mnayamwaga wapi? Mkiyamwaga mchangani palepale, hao nzi ni wageni wenu. Vichanja vya wavu vilivyoinuliwa juu hukausha haraka kuliko mchanga, na dagaa asiye na mchanga ana bei nyingine sokoni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wote wawili mnalijua, ila hamjaliweka pamoja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, dagaa wakaifuata. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, samaki wametawanyika, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika au hushona nyavu. Kwa hiyo siku zile za mwezi mpevu vichanja viko vitupu. Na nimeshamwambia baba wa Dodoma hapo juu kwamba siku hizohizo ndipo maji hujaa saa kumi jioni, wakati ambao jua limepoa na watu wametoka kazini. Kijana, siku zako za biashara ni hizo. Jikaze na matangazo kuanzia tarehe kumi na tatu hadi kumi na nane za mwezi wa Kiislamu, kisha giza likirudi, kunja viti usogee, kina mama waanike. Mkutane kwa mwenyekiti wa mtaa, na BMU ya hapo, yaani kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi, iwepo, mwandike hayo kwenye karatasi. Ni mwezi mmoja, mmegawiwa bure.

Nimeonyeshwa kiwanja kizuri, mita 25 kutoka maji yanapofika. Muuzaji anasema hati itafuata. Ninunue? — Mtumishi, Korogwe

Usinunue.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari, na vivyo hivyo kwa maziwa na kingo za mito. Muuzaji anaijua hiyo, ndiyo maana bei ni nzuri. Hata sheria ingekuwa haipo, hebu nenda usimame hapo siku ya bamvua wakati wa kusi, usiku, upepo ukisukuma maji. Kisha rudi uniambie kama bado unaona mita 25.

Marehemu baba alikuwa kuli bandarini. Alizoea kusema "leo nipo tishari". Siku hizi naona meli kubwa imeegemea gati kabisa. Ni kitu gani kimebadilika? — Binti wa kuli, Makorora

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Huenda baba yako na mimi tumewahi kutukanana.

Ghuba ya Tanga ni bandari ya asili nzuri, imekingwa na rasi na visiwa, lakini kando ya gati za zamani palikuwa na kina kidogo, mita 3 hivi. Meli kubwa haikuweza kusogea. Ilitia nanga kwenye maji ya kina, kiasi cha mita 1,700 kutoka gatini, na kazi yote ikafanyika hukohuko. Tishari ni chombo kipana, bapa, hakina injini, kinavutwa na boti. Makuli walipandishwa melini, winchi ikashusha mzigo tisharini, tishari likavutwa hadi gatini, kreni ikapakua tena. Gunia moja lilinyanyuliwa mara mbili na kuhesabiwa mara mbili, na hesabu hizo mbili zilikuwa hazipendani. Karani wa melini akisema marobota 400, wa gatini anasema 398, na hapo ndipo matusi yanapoanza. Mvua ikinyesha mizigo inafunikwa na kazi inasimama. Upepo ukivuma sana matishari yanagongana na kazi inasimama. Mwenye meli analipia siku zote hizo, na gharama yake mwisho wa yote inamfikia anayenunua saruji Ngamiani.

Kilichobadilika ni uchimbaji. Kuanzia 2019 lango na mahali pa kugeuzia meli vilichimbwa hadi kina cha mita 13, kisha gati mbili zenye urefu wa mita 450 zikaboreshwa ili meli ikae ubavuni kwake. Mradi wote uligharimu shilingi bilioni 429.1. Sasa mzigo unatoka melini unashuka moja kwa moja kwenye lori.

Usidhani bandari yenyewe ni changa. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893, na mwaka uleule Richard Hindorf, Mjerumani, alileta miche ya mkonge pwani hii. Ghuba, reli na mkonge vilikua pamoja kama watoto wa uzazi mmoja. Reli ilipofika Moshi mnamo 1911, katani za mashamba yote ya njiani zilishuka hapa, na zikapita kwenye matishari.

Je, nasikitika? Mgongo wa baba yako usingesikitika. Ila ghuba imepoteza sauti yake. Zamani, ukikaa Bustani ya Jamhuri asubuhi ulisikia makuli wakiimba katikati ya maji. Sasa unasikia honi za malori. Na wavuvi wa dema waliozoea kutega kando ya njia ya meli wamelazimika kusogea, maana mita 13 za kina zinaleta meli ambayo haiwezi kukata kona kwa sababu ya boya lako.

Naomba kujua, nikitaka fito za banda la kuku naweza kukata mikoko ya hapa kijijini? Watu wanakata kila siku. — Mkazi wa pwani, Tanga

Wanakata, ndiyo. Na wanaokamatwa nao walikuwa wanasema watu wanakata kila siku. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali, na kibali cha kuvuna kinatoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa banda la kuku, nunua fito za mkaratusi.

Lakini nisikuache na makatazo matupu. Watu husema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapigwa na mawimbi, na mafundi wa vyombo waliupenda kwa mataruma ya jahazi kwa vile matawi yake hupinda yenyewe. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, hukaa katikati kwenye matope. Msinzi na mkandaa hufuata nyuma, na mkandaa ndio uliokatwa sana kwa boriti na fito kwa sababu umenyooka. Mchu unavumilia mbele na nyuma, kwenye chumvi kali, mizizi yake ikichomoza topeni kama penseli zilizochomekwa. Kamba na kaa wadogo hujificha humo kabla ya kwenda baharini, ndiyo maana anayefyeka mikoko huanza kulalamika bei ya kamba miaka michache baadaye.

Nasema haya pia kwa ajili ya vikundi vya kupanda miti vinavyokuja na fulana mpya na kupiga picha. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini, ndefu kama mkuki, na ni rahisi kuchomeka. Kwa urahisi huo watu huichomeka popote, hata mbele kabisa kwenye nafasi ya mlilana. Bamvua mbili tu zinaing'oa yote. Waulizeni kina mama wanaookota kaa hapo kabla ya kuchomeka.

BMU yetu imefunga mwamba wa pweza miezi mitatu. Mimi ninaishi kwa kuchokoa pweza. Ni haki hii? — Mama, Mkinga

Pole mama, njaa ya miezi mitatu si ya kuandikia makala. Lakini katika mambo yote yaliyowahi kujaribiwa kwenye pwani hii, hili la kufunga mwamba wa pweza ndilo ninaloliamini, kwa sababu ya pweza mwenyewe. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Hukua kwa kasi ambayo samaki wa mawe haioti: yule wa nusu kilo mnayemchokoa leo, mkimwacha, baada ya miezi michache anakuwa wa kilo kadhaa. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia shimoni na mayai yake, hali, anayapepea maji hadi yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimchokoa akiwa amelalia mayai umeondoka na kizazi kizima kwa bei ya pweza mmoja aliyekonda.

Cha kudai ni vitu viwili. Kwanza, ufungwe mwamba mmoja tu au sehemu yake, mbaki na pengine pa kwenda. Pili, siku ya kufungua iwe bamvua, mchana, na wanaotembea kwa miguu waanze kabla ya wazamiaji wenye miwani na boti. Nimesikia mahali ambapo kina mama walivumilia miezi yote, kisha siku ya kufungua wageni wakaja na boti alfajiri na kuvuna kilichotunzwa. Hilo likitokea, huo mwamba hautafungwa tena, na sitawalaumu.

Kuna samaki wanamwita silikanti. Ni kweli anapatikana Tanga? Analiwa? — Kijana wa jarife, Kigombe

Unaniuliza mimi, wakati wavuvi wa huko kwenu ndio waliomletea Tanga sifa!

Silikanti alikuwa anajulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Wataalamu waliamini ametoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kisha Desemba 1938 akanaswa mmoja karibu na East London, Afrika Kusini, akagunduliwa na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo. Baadaye akaonekana Komoro. Kwetu, kuanzia 2004, nyavu za jarife zilizoshushwa maji ya kina upande wa kusini mwa mji wa Tanga zilianza kupandisha samaki mkubwa, wa rangi ya buluu iliyoiva, mwenye madoa meupe na mapezi yenye mikono kama ya mtoto anayetambaa. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, kuanzia upande wa Pangani kuja kaskazini hadi karibu na jiji.

Haliwi, kijana. Nyama yake ina mafuta mengi ya ajabu na inaharisha. Mchana hujificha mapangoni kwenye kina cha mita 100 hadi 200, usiku anatoka kuwinda. Hatagi: huzaa watoto hai, na utafiti wa 2021 uliosoma mistari ya magamba yake, kama mtu anavyosoma pete za mti, ulionyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100 na mimba yake hukaa miaka 5. Fikiria mwenyewe hasara ya kumwua mmoja mwenye mimba.

Akinasa akiwa hai, kata wavu. Najua wavu una bei, lakini kata. Akiwa amekufa, mpeleke kwa watu wa hifadhi au afisa uvuvi, usimfiche, maana hata mzoga wake una mengi ya kufundisha. Na kama unaweza kuacha kushusha jarife kwenye mteremko mkali wa mwamba, huko ndiko nyumbani kwake.

Mwalimu wetu alisema Wajerumani walifundisha nyuki kupigana na Waingereza hapa Tanga. Kweli? — Mwanafunzi wa kidato cha pili, Usagara

Nyuki walikuwepo. Mafunzo hayakuwepo.

Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakashushwa kwenye fuo za Raskazone, baadhi katikati ya mikoko na matope. Kwanza nahodha wa manowari yao, HMS Fox, alikuwa amekwenda kuwataka Wajerumani wasalimu amri. Ilikuwa tarehe 2. Adabu nzuri, lakini iliwapa Wajerumani muda wa kuleta askari kwa treni kutoka bara. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4, kwenye mashamba na vichaka kati ya Raskazone na mji, risasi zilipasua mizinga ya nyuki. Nyuki wakatoka na hawakuuliza bendera ya mtu: waliwauma Waingereza, wakawauma na Wajerumani. Magazeti ya Uingereza ndiyo yaliyoona aibu ya kushindwa ni ndogo zaidi ikisemwa kuwa ni hila ya Mjerumani aliyewafunza nyuki. Tarehe 5 majeshi yakarudi melini, yakiacha ufuoni bunduki mamia, bombomu na risasi laki sita.

Ninachokuomba utazame wewe ni ramani. Jeshi lile halikushuka bandarini kwa kuhofia mabomu ya majini. Lilikwenda kushuka kwenye tope ambalo mtoto yeyote wa Raskazone angeliambia lisishuke.

Tunaishi Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi likikamilika na meli zikianza kuja, sisi tutavua wapi? — Wavuvi, Chongoleani

Jiwe la msingi liliwekwa kwenu tarehe 5 Agosti 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni, kwa hiyo swali hili lina umri. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko ardhi yetu. Mafuta ya Hoima yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo sababu bomba linapashwa moto njia nzima hadi kwenye matangi hapo Chongoleani, na kutoka hapo hadi kwenye gati refu litakalopakia meli.

Gati la mafuta popote duniani lina mzunguko wa maji ambao chombo kingine hakiruhusiwi kuingia. Hamtavua ndani yake, na anayewaambia vinginevyo anataka kura. Kwa hiyo msisubiri. Orodhesheni sasa maeneo yenu kwa majina mnayoyatumia: fungu gani, mwamba gani, mkondo gani wa dema, unavuliwa kusi au kaskazi, na vyombo vingapi. Mtu wa ofisini anaona bahari yote ni bluu moja kwenye ramani. Mtu hafidiwi kitu ambacho hakina jina kwenye faili. Dai nafasi za ajira, sawa, lakini dai pia ratiba ya meli itolewe mapema kwa BMU, ili chombo kilichotoka usiku kisirudi kikute njia imefungwa na mafuta ya injini yamekwisha.

Nilikanyaga samaki aitwaye taa nikachomwa. Maumivu hayasemeki. Next time nifanyeje? — Wa Chumbageni

"Next time" usikanyage! Ukitembea kwenye maji ya magotini, buruza miguu, usiinyanyue. Taa amelala chini ya mchanga na akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma.

Ukichomwa, osha kidonda, kisha chovya mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Sumu yake huharibika kwa joto. Atakayeyapima maji awe mtu mwingine, maana mguu wako umepagawa. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia, kwa kuwa kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani na pepopunda haichezewi. Mtu akichomwa kifuani au tumboni, usichomoe mwiba, kimbia naye hospitali ya Bombo.

Mimi nasoma darasa la sita. Kisiwa cha Toten kina wafu kweli? Naweza kutembea hadi huko bahari ikikauka?

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Toten ni neno la Kijerumani, maana yake wafu, na makaburi ya zamani yapo, pamoja na magofu ya misikiti miwili. Maana yake paliwahi kuwa na watu walioswali, wakaoa na kuzika huko. Sasa ni miti, ndege na mawe.

Kutembea haiwezekani. Kati yake na mji kuna maji ya kina, hayakauki hata bamvua liwe kubwa kiasi gani. Mwambie mwalimu awapeleke kwa boti, na mwondoke maji yakiwa juu, maana yakikupwa boti hukwama kwenye tope upande wa kisiwa na mtashuka na viatu mkononi.